Mwenye Kura Achume

Nilipopata kazi ya siku saba ya kuandikisha wapiga kura, mimi mwenyewe nilikuwa na kadi ya mpiga kura ambayo sikuwahi kuitumia kupiga kura hata siku moja. Ilikaa kwenye pochi nyuma ya kadi ya bima, nikiitoa pale tu mlinzi wa geti la ofisi fulani anapotaka kitambulisho. Niliandikishwa Morogoro nikiwa chuoni. Siku ya uchaguzi ilipofika, chuo kilikuwa kimefungwa nami niko nyumbani Arusha. Uchaguzi uliofuata ulinikuta Arusha tena, kadi bado ya Morogoro, na sikujishughulisha kuihamisha. Kwenye usaili hawakuniuliza jambo hilo, nami sikulisema.

Wakati huo nilikuwa nafundisha historia na uraia katika sekondari moja ya binafsi, nimepanga chumba Engutoto. Wengi waliomba kazi ile kwa ajili ya posho. Mimi pia niliitaka posho, lakini kulikuwa na jingine. Nina ugonjwa tangu utotoni: nikisoma sheria au tangazo, nataka kujua ni nani aliyesababisha mstari ule uandikwe. Ukiona ukutani pameandikwa "Usikojoe hapa", unajua kuna mtu alikojoa. Sasa ukikuta sheria inasema mpiga kura awe raia, awe ametimiza miaka kumi na minane, asiwe na ugonjwa wa akili uliothibitishwa, na kuendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa, basi nyuma ya kila mstari kuna mtu aliwahi kusimama mlangoni, na waliokuwa ndani wakabishana kama aingie au asiingie.

Siku ya mafunzo niliinua mkono nikauliza kwa nini ni miaka kumi na minane na si ishirini na mmoja kama zamani, na ni nani aliyeomba ipunguzwe. Mkufunzi, bwana mmoja mpole mwenye koti la kijivu, alinitazama kidogo.

"Mwalimu," akasema, "tujifunze kwanza kuwasha mashine."

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Lakini swali nililiandika pembeni mwa daftari langu, na chini yake nikaandika mengine manne.

Niliomba nipangiwe kituo cha shule ya msingi iliyo juu ya Tengeru, katika kijiji cha bibi yangu mzaa baba, ili nilale kwake. Mwenzangu kituoni alikuwa baba wa makamo mwenye banda la kutengeneza kompyuta mjini. Yeye alikaa na mashine: kamera, kifaa cha kusoma alama za vidole, na printa ya kutoa kadi. Mimi nilijaza fomu na kuuliza maswali. Tuligawana kazi vizuri, maana yeye hakupenda kuongea na mimi sikuweza kunyamaza.

Siku mbili za kwanza zilikuwa shule kwangu kuliko chuo. Alikuja binti aliyekuwa atimize miaka kumi na minane wiki tatu kabla ya siku ya kupiga kura. Mama yake alimsindikiza, akasimama nyuma yake na cheti cha kuzaliwa mkononi kama mtu anayeogopa mwanawe atapunjwa zile wiki. Nilipomwambia kwamba sheria inamruhusu, binti alitulia, ila mama ndiye aliyetabasamu. Akaja pia baba mmoja anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Usa River. Kwao ni Singida, na kadi yake ilikuwa ya Singida, lakini ameishi huku miaka kumi na moja na watoto wake wanasoma shule hiyohiyo tuliyokaa.

"Nikihamishia huku," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nyumbani si watasema nimewakana?"

"Watajuaje?"

"Jina litatoka kwenye daftari la kule. Kaka yangu anasoma kila kinachobandikwa."

Alikaa kwenye benchi karibu nusu saa akiwaza. Nilimwangalia nikajiuliza kura ya mtu iko wapi hasa: pale kitovu chake kilipozikwa, au pale anapoamkia asubuhi na kukuta barabara mbovu? Mwishowe alisimama akasema, "Andika huku. Barabara ninayopita ni hii." Nilimwandika. Kisha nikaikumbuka kadi yangu ya Morogoro ndani ya pochi, nikaona ni vizuri kwamba hakuna aliyeniuliza chochote.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, bibi alikuja.

Bibi yangu hajui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wakati wa vita ya pili ya Wazungu, na kwa hesabu hiyo anakaribia miaka tisini. Miaka yote nilidhani anayo kadi. Kumbe mwaka mashine hizi zilipofika mara ya kwanza, alikuwa Babati kwa shangazi yangu akiuguza nyonga iliyovunjika, na kilipofika kipindi cha pili cha kuandikisha alikuwa hajaweza bado kushuka kilima. Kadi yake ya zamani, ya karatasi, haikuwa na kazi tena. Kwa hiyo chaguzi mbili zilimpita.

Alivaa gauni la kanisani na sweta la bluu. Watu walimpisha aje mbele, kama utaratibu unavyosema kwa wazee, naye akapita bila kukataa wala kushukuru.

"Shikamoo bibi," mwenzangu akamwamkia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa kupiga picha?"

"Picha na vidole."

Picha ilitoka vizuri. Kwenye vidole ndipo tulipokwama. Mwenzangu alimwekea gumba la kulia kwenye kioo, mashine ikakataa. Akalifuta kwa kitambaa, ikakataa. Akajaribu cha shahada, cha kati, cha pete, kidole cha mwisho, mkono wa pili, vyote kumi. Kwenye kompyuta yalitokea mawingu ya kijivu tu. Nilisogea nikashika mkono wa bibi na kuutazama kwa karibu, jambo ambalo sikumbuki kama niliwahi kulifanya nikiwa mtu mzima. Ncha za vidole zilikuwa laini na ngumu kwa wakati mmoja, kama sabuni ya mche iliyokaukia juani. Mistari ile midogo ambayo kila mtu huzaliwa nayo haikuonekana.

"Hakuna shida," mwenzangu akasema. "Inatokea sana kwa watu wa shamba. Tunaweka alama hapa kwamba vidole havisomeki, picha inatosha, anapata kadi yake."

"Unaweka nini?" bibi akauliza.

"Alama tu, bibi. Kwamba vidole havipo kwenye mashine."

"Vidole ninavyo."

"Ndiyo, unavyo, ila mashine..."

"Basi andika kwamba ninavyo."

Nilijaribu kumweleza kwa Kimeru. Nikamwambia kadi itakuwa sawa na ya watu wengine, na siku ya kura hakuna atakayejua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta sweta lake, akasema kwa Kiswahili ili foleni nzima isikie, "Mimi sitaandikwa kwa kitu ambacho sina. Niliwahi kuandikwa hivyo." Akainuka, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Mwenzangu aliita mtu aliyefuata. Aliandikwa lini, na nani, kwamba hana kitu gani? Nilikuwa nimeishi na bibi likizo zote za utoto wangu na sikuwa na habari.

Jioni nilimkuta jikoni akimenya ndizi. Nilikaa kwenye kigoda nikachukua kisu nimsaidie. Utomvu wa ndizi mbichi ulikuwa umemganda vidoleni, na chini yake weusi mwingine wa zamani zaidi, ambao nadhani hautoki tena. Sikuzunguka.

"Bibi, ni nani aliyekuandika kwamba huna kitu?"

Alimenya ndizi mbili nzima kabla ya kujibu.

Ilikuwa kabla ya uhuru, akasema. Yeye na babu walikuwa na watoto wawili. Babu alikuwa amesoma kwa wamisheni mpaka darasa la nane, jambo lililokuwa adimu mlimani wakati ule, na alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye ushirika. Likatoka tangazo kwamba Waafrika nao wataruhusiwa kupiga kura kuchagua wajumbe wa baraza la kutunga sheria. Kulikuwa na mikutano, na kwenye mkutano mmoja bibi alimsikia mwanamke jukwaani akisema nchi ni ya wote. Akaichukua kauli hiyo kama ilivyo. Babu alipokwenda mjini kujiandikisha, naye akajifunga mtoto mgongoni wakaenda pamoja kwa miguu.

"Karani alikuwa kijana wa kwetu, si Mzungu," bibi akasema. "Alimwandika babu yako haraka. Akanigeukia mimi. Umesoma mpaka darasa la ngapi? Nikasema sijasoma. Una kipato gani kwa mwaka? Nikasema tuna kahawa. Akauliza, kahawa iko kwa jina la nani kwenye ushirika? Nikamwonyesha babu yako. Akauliza, una cheo? Nikamwonyesha mtoto mgongoni."

Alicheka kidogo kwa hilo.

"Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Nikamwuliza babu yako, ameandika nini? Akasema, ameandika hana sifa."

Nilijua masharti hayo. Niliyafundisha kila mwaka kidato cha tatu: elimu ya darasa la nane, au kipato cha kiwango fulani, au kuwa na cheo. Niliyaandika ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakayanakili, tukapita. Hata mara moja sikuwahi kujiuliza kama upo mtu ninayemjua aliyesimama mbele ya masharti yale. Na mtu huyo alikuwa amenifundisha kutembea.

"Ulikasirika?"

"Siku hiyo sikukasirika. Nilikasirika baadaye."

Miezi kadhaa ikapita, siku ya kura ikafika wakati kahawa imeiva. Bibi alimsindikiza tena babu mjini, akakaa nje na wanawake wengine waliosindikiza waume zao. Babu alipotoka, bibi alimwuliza amemchagua nani. Babu akajibu kwamba ni siri, ndivyo walivyoambiwa.

"Hapo ndipo nilipokasirika," bibi akasema, na kisu kikasimama. "Kahawa ile nilipalilia mimi. Niliichuma mimi, nikaibeba mimi mpaka kwenye mashine ya kukoboa. Kwa kahawa hiyo wakamwona ni mtu. Akaenda na kahawa yangu, akarudi na siri."

Kesho yake hakwenda shambani. Babu alipouliza, alimjibu, "Mwenye kura achume."

Babu alidhani ni utani. Alikwenda ofisini kwake kupima kahawa za watu, na aliporudi alikuta ya kwake iko mitini. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu matunda yakaanza kudondoka. Majirani walipita wakatazama, na mama mkwe akaja kuuliza kama mkwe wake anaumwa. Bibi alipika, alifua, aliogesha watoto, alikamua ng'ombe. Shambani tu ndiko hakukanyaga. Siku ya nne babu aliomba ruhusa kazini akaanza kuchuma mwenyewe, na kwa kuwa hakuzoea, alivunja matawi.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwangalia."

Siku ya sita babu aliweka kikapu chini, akamwita, akakaa juu ya debe lililopinduliwa, akamwambia yote. Kura ile ilikuwa ya watu watatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na ukimwacha yeyote kati ya hao, karatasi nzima imeharibika. Mwafrika alimchagua kwa furaha. Mhindi alimchagua bila neno. Alipofika kwa Mzungu, mkono ulikataa.

Hapa inafaa nieleze kidogo kwa asiyejua. Miaka michache kabla ya hapo, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wetu kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi yao wapewe masetla wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Baba yake bibi alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Alitembea na ng'ombe wake mpaka upande huu, akaishi kwa ndugu mpaka alipofariki. Babu aliijua nyumba ile. Ndiko alikokwenda kuposa.

"Alisema alisimama na kalamu mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa," bibi akaeleza. "Akawa anaiona nyumba ya baba yangu. Mwishowe akaweka alama, kwa sababu asipoweka, na yule wetu naye anapotea. Ndiyo maana hakutaka kuniambia."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ashike upande wa pili wa kikapu."

Moto ulikuwa umepungua. Bibi aliongeza kuni, akaweka sufuria, akaendelea kana kwamba hadithi haijafika popote. Baada ya mavuno yale, babu alianza kumfundisha kusoma, jioni, kwa mkaa juu ya ubao wa kukatia nyama. Hakuwa mwalimu mvumilivu. Lakini bibi alikuwa na lengo moja: karani akimwuliza tena swali lile, awe na jibu. Ukaja uchaguzi mwingine, na masharti yalikuwa yamelegezwa, aliyejua kusoma Kiswahili akakubaliwa. Bibi alikwenda. Karani mwingine akampa karatasi, akaisoma yote bila kukosea, akaandikwa. Alirudi nyumbani akachinja kuku.

"Kisha?"

"Kisha hapakuwa na kura. Mgombea wa huku alikuwa mmoja tu. Alipita bila kupingwa."

Sijaweza kuthibitisha kama ilikuwa hivyo hasa kwa eneo letu. Nimesoma kwamba mwaka ule viti vingi nchini vilipita bila kupingwa, na kumbukumbu ya bibi juu ya mambo mengine niliyoweza kuyapima haijawahi kukosea. Alisema alikaa na jibu lake miaka mingine, mpaka nchi ikawa yetu na masharti yakaondolewa kabisa. Kura ya kwanza anayoikumbuka kuipiga kwa mkono wake ilikuwa ya ubunge, enzi za chama kimoja, ambapo mgombea mmoja alipewa picha ya jembe na mwingine picha ya nyumba, ili hata wasiojua kusoma waweze kuchagua.

"Nilifika na kusoma kwangu kote," bibi akasema, "wakanipa picha ya jembe."

"Ulichagua jembe au nyumba?"

"Ni siri."

Tulicheka wote wawili. Halafu, huku bado anatabasamu, akaniuliza, "Na wewe? Mara ile iliyopita ulimchagua nani?"

"Ni siri, bibi."

"Babu yako alisema hivyo anaangalia chini. Wewe unaangalia simu."

Nikamwambia ukweli. Nilimweleza habari ya Morogoro, chuo, pochi, kadi ya bima. Nilitarajia aseme kitu kizito kuhusu wao walivyohangaika na sisi tunavyochezea. Hakusema. Aliuliza tu swali moja, na aliliuliza kwa udadisi wa kweli, kama mtu anayeuliza mashine inavyofanya kazi: "Kwa hiyo hakuna aliyekukataza?"

"Hakuna."

"Basi ilikuwaje?"

Tangu siku hiyo nimejaribu majibu kadhaa. Nimewahi kusema nilikuwa na shughuli nyingi, na si kweli. Nimewahi kusema nilikata tamaa na siasa, na hilo lina ukweli kidogo, lakini mtu hukata tamaa na kitu alichokijaribu.

Asubuhi ya siku ya nne nilimweleza mwenzangu habari ya bibi, si yote, ila kiasi. Alisikiliza huku anaunganisha nyaya. Kisha akasema kwa kifupi kama kawaida yake, "Asimenye ndizi siku tatu. Aloweke vidole maji ya uvuguvugu, apake mafuta mazito jioni. Mistari huwa inarudi kidogo ngozi ikipumzika. Aje siku ya mwisho."

Nilimpelekea bibi ujumbe huo nikitegemea atakataa. Alikubali mara moja. Kwa siku tatu nilimenya ndizi mimi, nikakata majani ya ng'ombe, nikasugua masufuria, yeye akakaa barazani na mikono yake kwenye beseni, akinielekeza. Alionekana kulifurahia jambo lile kuliko nilivyotarajia.

Siku ya tano nilimwomba msimamizi wangu ruhusa ya saa mbili mchana, nikashuka mjini. Kwenye kituo cha Engutoto nilipanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Ni tofauti sana kuwa upande ule wa meza. Dada aliyekuwa akijaza fomu hakuinua macho alipouliza jina, na niligundua kwamba mimi pia huwa siinui. Aliponiuliza kwa nini nahamisha taarifa zangu, nikasema naishi hapa. Akaandika. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa siku mbili, lakini vilipowekwa kwenye kioo, mashine ilivisoma vyote kumi mara moja. Nilivitazama pale kwenye kompyuta, duara juu ya duara, safi kabisa, nikaona aibu ambayo nisingeweza kumweleza dada yule.

Siku ya saba bibi alifika mapema kuliko watu wote. Alikuwa amefunga mikono yake kwa kitambaa cha kichwani, kama anayebeba mayai. Mwenzangu alisafisha kioo mara mbili. Gumba la kulia lilikataa. Cha shahada kikakataa. Nilianza kuandaa maneno ya kumfariji. Cha kati kikakataa. Cha pete kikatoa mistari michache, hafifu, iliyokatika katikati, na mashine ikatoa mlio wa kukubali.

"Hicho kimesoma," mwenzangu akasema.

Mkono wa kushoto ulitoa viwili zaidi. Vidole vitatu kati ya kumi. Bibi aliomba aonyeshwe, mwenzangu akamgeuzia kompyuta. Aliinama akaitazama ile mistari kwa makini sana.

"Kwa nini mashine inataka vidole?" akauliza.

"Ili mtu asijiandikishe mara mbili, bibi."

"Kuna watu wanaotaka mara mbili?"

"Wapo."

Bibi alitikisa kichwa. "Sisi tulitafuta mara moja." Kisha akauliza, "Vitatu vinatosha?"

"Vinatosha kabisa."

"Na hivi saba utaviandikaje?"

Mwenzangu alisita. "Naweka alama kwamba havikusomeka."

"Andika vipo, ila vimechoka kazi."

"Hakuna sehemu ya kuandika hivyo, bibi."

"Waambie waiweke," akasema, na safari hii hakuondoka. Alisubiri kadi yake itoke kwenye printa, akaipokea kwa mikono miwili ikiwa bado ina joto, akaisoma kwa sauti: jina lake, jina la baba yake, kijiji, kata. Tarehe ya kuzaliwa tulikuwa tumeikadiria, akasema hiyo ni ya serikali, si yake.

Wiki kadhaa baadaye daftari la awali lilibandikwa kwenye ukuta wa ile shule ili watu wakague majina yao. Nilipanda Jumamosi moja kumtembelea, nikamkuta anavaa sweta tayari kwenda kulitazama, nikamfuata. Nilidhani ataangalia jina lake tuondoke. Jina lake alilipata haraka, akalipita. Akaendelea kusoma kuanzia mwanzo, jina baada ya jina, kidole chini ya kila mstari, karibu saa nzima. Watu waliokuja baada yetu walisoma majina yao wakaondoka. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikimsubiri.

Alipomaliza karatasi ya mwisho, alikunja uso.

"Mama mwenye mapacha, yule wa nyumba ya juu karibu na mfereji, hayupo," akasema. "Mume wake yupo. Yeye hayupo."

"Labda hakutaka."

"Labda." Akachukua fimbo yake, akaanza kupanda njia ya mfereji badala ya kushuka ya nyumbani. "Twende tukamwulize ilikuwaje."

Jua lilikuwa kali na njia ile ina mawe mengi. Nilimshika mkono tukapanda.